Sauti ya Saba Inachelewa

Tarehe 3 Februari

Mwanangu kitindamimba,

Usishtuke kuona barua. Hakuna aliyekufa. Najua ukiona bahasha yenye mwandiko wangu unakaa kwanza ndipo unafungua, basi kaa, lakini kaa kwa raha. Ni simu tu imeingia maji. Niliinama kwenye beseni la kulowekea ikachomoka mfukoni, na tangu siku hiyo inawaka lakini haisemi. Kwa hiyo tuandikiane. Mwalimu wako wa darasa la pili alisema mwandiko wangu ni kama kuku aliyepita kwenye majivu. Sawa, lakini kuku naye hufika anakokwenda.

Jambo lenyewe ni hili. Yule prodyuza wako amekuja. Alifika saa nne asubuhi, kofia kubwa, viatu vyeupe, kwenye sakafu yetu ya kufulia hapa kazini! Msimamizi akamwambia viatu hivyo avivue kabla havijabadilika rangi, akavua, akatembea na soksi kwenye maji ya sabuni kama mtu aliyezoea. Amesema wewe ndiye uliyemsimulia habari za wimbo wetu wa kukunjia mashuka. Mbona hukuniuliza, mwanangu? Sisemi vibaya. Lakini mtu huulizwa.

Alisimama mlangoni anatutazama. Unajua tunavyokunja, wawili wawili: mnakutana, mnaachana, mnakutana tena shuka likiwa nusu. Rundo lilipokwisha akasema anautaka wimbo huo, na anatutaka sote kumi na wawili, na mwisho wa mwezi atarudi na mitambo aturekodi papo hapo. Halafu sauti zitaletwa kwako huko uzimiksi.

Wenzangu wakanigeukia. Mama Pacha, ndiye ninayekunja naye, akauliza, "Kumbe mwanao ndiye anayetengeneza muziki?" Nikasema ndiyo.

"Anaimba?"

Haimbi.

"Anapiga gitaa?"

Hapigi.

"Anatunga?"

Hatungi.

"Sasa shoga, anatengeneza nini?"

Nikasema anabonyeza. Wakacheka mpaka shuka likaanguka chini, ikabidi lirudi kufuliwa.

Basi nieleze, niwe na la kusema. Miaka sita nawaambia watu unafanya muziki, na mimi mwenyewe sijui unaufanya nini. Na huyo prodyuza yeye anafanya nini? Kama yeye ndiye anayetengeneza, wewe wa kazi gani? Na kama ni wewe, mbona kofia kavaa yeye?

Kula vizuri. Usilale madirisha wazi.

Mimi mama yako

*

Tarehe 11 Februari

Mama, shikamoo.

Barua imefika. Nilikaa kwanza.

Nisamehe kwa kutokuuliza. Nilimsimulia tu tukinywa chai. Sikudhani angepanda basi.

Kazi zetu ziko hivi. Prodyuza ndiye anayeamua kwamba wimbo upo. Anachagua nani aimbe na nani aanze, mwendo uwe wa haraka au wa pole, ngoma iingie au isiingie, mrudie mara ngapi. Akiona kitu kinakosekana anakiita kije. Akiona mtu hafai anamtoa. Wimbo ukiwa mbaya, lawama ni zake. Ukiwa mzuri, sifa ni zake pia, ndiyo maana kofia ni kubwa.

Mimi, fundi wa sauti, naingia wote wakishaondoka. Siwezi kumwambia mtu aimbe tena, wala siongezi mtu. Napewa kilichokwisha kuimbwa, kila sauti kwenye mstari wake, na kazi yangu ni kuona zinakaaje pamoja. Ipi iwe karibu na ipi mbali, ipi kushoto na ipi kulia, ipi inamkanyaga mwenzake. Feni ikiwa inavuma nyuma ya maneno, napunguza feni. Mtu akivuta pumzi kwa nguvu kuliko anavyoimba, namshusha hapo anapovuta.

Mwambie Mama Pacha hivi: prodyuza anaalika wageni, mimi napanga viti. Wageni wakikaa vizuri hakuna anayeuliza nani kapanga. Wakibanana, kila mtu anauliza.

Simu ipeleke kwa fundi wa simu, au nikutumie nyingine. Nimepiga ya Mama Pacha mara mbili niongee nawe. Mara zote amesema umetoka.

Binti yako

*

Tarehe 17 Februari

Dada yangu mkubwa, shikamoo.

Hii isome ukiwa peke yako, kisha ichome. Nakujua, wewe huchomi karatasi, unazikunja na kuziweka chini ya godoro. Hii ichome.

Simu haikuingia maji. Simu ni nzima kabisa, iko kabatini nimeifunga kwenye soksi. Ni masikio, dada. La kulia lilikufa mwaka juzi. La kushoto linalifuata polepole, kama mtu anayesindikiza mgeni. Mtu akiwa mbele yangu namsoma mdomo na tunaelewana, wala hajui. Lakini kwenye simu hakuna mdomo. Mtoto akipiga nasikia nyuki ndani ya kopo. Mara ya mwisho alisema maneno mengi nikamjibu, "Vizuri sana mwanangu, hongera." Baadaye nikaja kujua alikuwa ananiambia ameibiwa begi.

Simwambii. Akijua ataacha kazi aje kukaa na mimi, unamjua alivyo, tena hatasema kwamba ameacha kwa sababu yangu, atasema kazi ilimchosha. Na huku kazini wakijua, nimekwisha. Ile mashine kubwa ya kupiga pasi ina kengele. Ikilia unaondoa mikono, ubao wa moto unashuka. Asiyesikia kengele haruhusiwi kuikaribia, na zamu ya mashine ni ya kila mtu. Mimi naangalia mabega ya wenzangu. Yakirudi nyuma, narudi nyuma. Mwaka wa pili sasa, na vidole bado ni kumi, leo asubuhi nimevihesabu.

Sasa limekuja jambo la huu wimbo. Naimba kwa kumtazama Mama Pacha mdomo. Akifungua nafungua, akifunga nafunga. Yule mtu wa kofia alinitia hofu, usiku sikulala. Lakini mtoto amenieleza vizuri kazi yake na moyo umetulia. Yeye ni mpanga viti tu. Sauti kumi na mbili zikishamwagwa pamoja humo kwenye mitambo, nani atajua ipi ya nani? Ni kama soksi za hospitali nzima kwenye pipa moja. Nitamwomba aniweke kiti cha nyuma, basi.

Usimwambie mtu. Hata shemeji. Hasa shemeji.

Mdogo wako

*

Tarehe 27 Februari

Mwanangu mpanga viti,

Yamekwisha, tumerekodiwa. Mashine zote zilizimwa, hata feni, na Msimamizi akasimama kwenye swichi mikono nyuma kama mlinzi wa benki. Kila mmoja alibandikwa kidude kwenye kola, cheusi, kama mbegu ya papai yenye mkia. Mama Pacha akasema ni maiki. Kumi na mbili! Nikasema huyu bwana anapenda makelele, moja isingetosha?

Sasa nimeiona kazi ya prodyuza. Ni kazi ya kusumbua watu. Alituhamisha hamisha kama vyombo. Akataka kumpeleka Mama Pacha mwisho wa safu kwa kuwa ana sauti kubwa. Hapo nikakataa. Nikamwambia, "Mwanangu, huyu nakunja naye miaka tisa. Ukitutenganisha shuka litaburuzika chini na wimbo utaburuzika." Akaniangalia sana, halafu akasema haya, kaeni mnavyokaa. Yule anayeanzisha wimbo akaambiwa asianze kwa nguvu, aanze kama anaongea na shuka. Eti kuongea na shuka! Lakini kweli, alipofanya hivyo ikawa nzuri.

Tuliimba mara sita. Ya nne mimi niliona inatosha, akasema hapana. Ya sita niliona ni sawa na ya nne, akasema hiyo ndiyo. Katikati hapo Mama Pacha aliangalia miguu yake akasema, "Mgeni huyu soksi zake tumeshazifua mara tatu leo na hajazivua." Tukacheka, naye akacheka.

Sasa zamu yako. Niweke nyuma, mwanangu. Sauti yangu imezeeka, isiwaharibie wenzangu. Usione aibu kunificha, mimi mwenyewe nimekuruhusu.

Mama yako

*

Tarehe 4 Machi

Fundi,

Diski iko ndani ya bahasha, nimeivingirisha kwenye taulo. Nimeituma kwa basi kwa sababu mimi nabaki huku wiki tatu, kuna bendi ya polisi nataka kuisikiliza.

Tumia mzunguko wa sita. Sauti ni kumi na mbili, namba nimezipa kwa kufuata safu, majina sikuandika. Usiongeze ngoma. Mlio wa shuka linapokung'utwa ubaki, hiyo ndiyo ngoma yenyewe.

Tatizo ni moja. Namba saba anachelewa tangu mwanzo hadi mwisho. Pale chumbani sikumgundua, nimemgundua nilipofungua mstari wake. Nadhani atoke, kumi na mmoja wanatosha. Msikilize, uniambie.

Prodyuza

*

Tarehe 8 Machi

Kaka,

Diski nimepata. Usafi wa sauti nimeumaliza, viti bado: wageni umealika wewe, kuwapanga ni kwangu.

Nimeisikiliza saba peke yake. Anachelewa robo ya sekunde, na robo hiyo haibadiliki. Mtu aliyezubaa huchelewa, kisha hukimbia awafikie wenzake. Huyu hakimbii, wala hazidi kubaki nyuma. Nikadhani ni hitilafu ya mitambo, nikarudi kwenye mizunguko uliyoiacha ili nilinganishe. Kati ya wa nne na wa tano kuna mzaha kuhusu soksi zako. Kumi na mmoja wanacheka. Saba naye anacheka, robo ya sekunde baadaye.

Mtu anaweza kukosea wimbo. Kicheko hakikosewi. Anacheka kwa sababu ameona wengine wanacheka.

Saba ni mama yangu. Kicheko chake nilikijua kabla sijaijua sauti yake ya kuimba.

Nimemsogeza mbele robo ya sekunde, mstari mzima. Sasa yuko sawa na wenzake, hakuna atakayegundua. Naomba asitoke. Najua uamuzi huo si wangu.

Fundi

*

Tarehe 12 Machi

Fundi,

Mrudishe alipokuwa.

Nimesikiliza toleo ulilonitumia, kisha lile lisiloguswa, mara nyingi nyingi, mwenye gesti akaja kugonga mlango. Ulivyomnyoosha, ni wanawake kumi na wawili ndani ya boksi. Akichelewa, anakuwa kama mwangwi, na kile chumba kinaonekana, urefu wake na ukuta wa mwisho. Nilikosea kumsikiliza peke yake. Peke yake ana kasoro. Pamoja nao, ndiye anayewafanya wawe wengi.

Halafu sikiliza. Kumshusha, kumpandisha, kumpeleka kulia, hizo ni kazi zako na sikuulizi. Kumsogeza ndani ya muda ni kubadilisha alivyoimba. Hapo umeshatoka kwenye viti umeingia kwenye orodha ya wageni. Mimi ndiye niliyesema atoke, na mimi ndiye ninayesema abaki.

La masikio ya mama si la prodyuza wala si la fundi. Mwandikie.

Prodyuza

*

Tarehe 14 Machi

Mama, shikamoo.

Nakuandikia kabla sijaumaliza wimbo.

Nilikuambia kila sauti inanifikia kwenye mstari wake. Labda sikueleza vizuri. Zile maiki kumi na mbili hazikuwa za makelele. Kila moja ilimchukua mtu wake. Nikitaka nawafunga midomo kumi na mmoja na kubaki na mmoja. Ndivyo ninavyoanza kila kazi.

Nilibaki na wewe, Mama. Unamfuata mtu kwa macho. Unaimba baada yake kila neno, kwa kipimo kilekile. Na kwenye ule mzaha wa soksi umecheka wenzako walipokwisha kuanza. Nadhani simu haikuingia maji. Nadhani siku niliyokuambia nimeibiwa begi ukanipa hongera, hukunisikia.

Prodyuza amekataa kukutoa. Amesema bila wewe chumba hakionekani. Hilo amelisema kwa sababu ya wimbo, hajui kubembeleza, hata mimi hajawahi kunibembeleza.

Nilikuwa nimekusogeza mbele ili ufanane na wengine, akanizuia. Ndani ya wimbo ningeweza. Hapo kazini siwezi. Kuna ile mashine.

Nenda hospitali wakupime. Nikutumie nauli au nije?

Binti yako

*

Tarehe 29 Machi

Wewe mtoto,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na si kwa kutoelewa.

Uliniambia kazi yako ni kupanga viti. Hukuniambia kwamba mpanga viti hubaki chumbani akiwapekua wageni mifuko. Kicheko changu! Mtu amekaa na mashine zake anapima mama yake anacheka saa ngapi! Na ukaenda ukamwambia yule wa kofia, mtu baki, aliyekanyaga maji ya sabuni na soksi.

Masikio haya ndiyo yaliyokulea. Ulikuwa ukigeuka kitandani chumba cha pili, mimi huku nimeshakaa. Leo ndiyo ninayosimangwa.

Mimi ni mzima. Usije. Ukija utakuta mlango umefungwa na nimekwenda kwa dada.

Na huo wimbo nitoe. Nimekuomba kiti cha nyuma hukutaka, sasa nitoe kabisa, nisiwepo.

Mama yako, ndiyo, bado

*

Tarehe 5 Aprili

Mama, shikamoo.

Ni kweli nilipekua. Sikukusudia, lakini nilipokwisha kuona sikuacha.

Kukutoa siwezi. Hilo ni la prodyuza na ameshakataa. Wimbo nimeumaliza jana. Uko kulia kidogo, hatua moja nyuma ya Mama Pacha, kama mlivyosimama. Sikukusogeza mbele wala sikukuficha.

Sitaandika tena kuhusu kupimwa. Nauliza jambo moja tu, na ukijibu ndiyo nitaamini.

Kengele ya mashine huwa unaisikia?

Binti yako

*

Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Siisikii.

Nilitaka kukujibu ndiyo. Barua niliianza, nikaandika "Ndiyo naisikia," nikaiweka chini ya sahani ya sukari niipeleke posta kesho yake. Kesho yake ikawa zamu yangu ya mashine. Kuna mtumishi mpya, mnene, mwenye heshima, kila anapopita anasema samahani. Akasimama mbele yangu na rundo la mashuka mpaka kidevuni, nikawa siyaoni mabega ya wenzangu. Nikasema moyoni ngoja apite. Mikono iko juu ya mashine, nanyoosha kona. Nikashtukia navutwa kola kwa nyuma, kola ikachanika, nikaanguka kwa makalio, na ubao wa moto ukashuka pale pale. Sikuumia. Nasema kweli, sikuumia, isipokuwa hapo nilipoangukia.

Aliyenivuta ni Mama Pacha. Alikuwa anatukana, maana akiogopa hutukana. Akanishika kidevu nimtazame, akasema neno kwa neno, "Shoga, nimechoka. Mwaka wa pili huu nafungua mdomo kama kiboko ili uone ninachoimba. Taya zinaniuma. Mume wangu ananiuliza siku hizi mbona unatafuna hewa."

Nikamwambia, kumbe unajua?

Akasema, "Nani asiyejua? Mtu anaulizwa una chumvi anajibu hawajambo."

Wote wakacheka, hata yule mpya aliyekuwa analia. Mimi nilidhani namwibia mdomo. Kumbe alikuwa ananipa. Na mara zile ulizompigia akasema nimetoka, nilikuwa nimeketi karibu yake nakunywa maji. Nilimwomba mimi asinipe simu, nikamwambia tumegombana. Msamehe.

Msimamizi yeye hakuwa anajua. Nilikwenda ofisini kwake nikamwambia mwenyewe, nimesimama, kola mkononi. Hakucheka wala hakukaripia. Aliandika kwenye daftari lake, akasema nisiiguse mashine mpaka nilete karatasi ya hospitali. Nikiwa mzima kwa karatasi, narudi zamu zote. Nisipokuwa mzima, ataongea na wakubwa, yeye hawezi kusema watasema nini. Hivyo ndivyo alivyosema, na mimi nimekuandikia alivyosema.

Juzi nimekwenda. Sikukuita kwa sababu ulisema hutaandika tena habari za kupimwa, nikaona hata kuja usije, niende mwenyewe. Dada alitaka kunisindikiza nikamkatalia, angekuwa anajibu maswali yangu yote.

Wana chumba kidogo, mlango mnene kama wa friji. Unakalishwa, unavishwa hedifoni, na muuguzi anakaa mbele yako mezani na kijimashine chake. Binti mdogo, ana mashavu mazuri. Akaniambia, nikamsoma, "Mama, ukisikia mlio, hata mdogo, nyoosha mkono."

Tukaanza. Mwanangu, sikusikia kitu. Lakini kila alipobonyeza, bega lake la kulia lilishuka kidogo. Kidogo sana, wewe usingeona. Mimi naishi kwa mabega. Likishuka, nanyoosha mkono. Likishuka, nanyoosha. Sikupanga kufanya hivyo, mkono wenyewe ulikwenda. Akawa anaandika, anatabasamu, anaandika. Akafika mwisho akasema, "Mama, mbona unasikia kuliko mimi?" Akachukua muhuri.

Nikauona ule muhuri. Karatasi ile ningempelekea Msimamizi mchana uleule, na keshokutwa yake ilikuwa zamu ya mashine.

Nikamwambia, "Mwanangu, turudie."

Akasema hakuna haja.

Nikamwambia, "Turudie. Safari hii sitazami."

Nadhani alielewa, maana uso ulimbadilika, muhuri akauweka chini. Nikafumba macho.

Giza. Najua alikuwa anabonyeza, kazi yake ni kubonyeza. Nilikaa. Mkono ulikuwa unawasha, unataka kwenda. Nikaufikiria ule ubao, nikafikiria wakubwa watasema nini, nikafikiria labda sasa hivi kuna mlio na mtu mwingine angeusikia. Nikaushika kwa mkono wa pili mapajani, nikaubana. Sijui tulikaa muda gani. Kunyoosha ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kukaa hivyo, macho yamefungwa, na sikunyoosha hata mara moja.

Mama yako